Eti Ongeza RAM?

Wajameni, nimechoka na hili jibu la "ongeza RAM". Faili ni gigabaiti 20, memori ya seva ni 2, nawe unaandika my @m = sort <F>; kisha unalaumu Perl! Mstari huo unasomba faili nzima hadi kwenye memori kabla ya kupanga chochote, na Perl huongezea kila mstari baiti zake za utunzaji. Lazima seva ikwame.

Dawa yake ilijulikana tangu enzi za kanda za sumaku. Soma kipande cha megabaiti 500, kipange, kiandike kwenye faili ya muda. Ukimaliza vyote, fungua vipande kwa pamoja, linganisha mistari yao ya mwanzo, toa ule unaotangulia, endelea. Unashika mstari mmoja tu wa kila kipande.

Tena Linux inayo tayari:

LC_ALL=C sort -S 500M -T /data/tmp kubwa.txt -o tayari.txt

Iite kwa system() ndani ya Perl. Huo si uvivu. Perl imekuwa gundi ya programu nyingine tangu 1987. Uvivu ni kumuuzia mteja seva mpya kwa kazi ya mstari mmoja. Hakikisha tu /data/tmp ina nafasi, maana vipande vyote vinatua huko.