Kondoo Aliyekonda Hana Makosa

Wahenga walinena kwamba ng'ombe wa maskini hazai. Wengi wetu tukisikia hivyo hucheka na kusema ati ni bahati mbaya. Mimi sikubali. Si bahati, ni mwili!

Hebu tuwatazame kondoo wa mwitu, ambao hawana mchungaji wala daktari. Katika kisiwa cha Hirta, huko Uskoti, watafiti wamewafuatilia kondoo wa Soay mmoja mmoja tangu mwaka wa 1985. Wameona kwamba jike mwenye mwili mzito huzaa mwana mzito, na huyo ndiye mwenye nafasi nzuri ya kuishi. Mwana wa jike aliyekonda huzaliwa mwepesi, na wengi wao hufa mapema. Madume nao hupigania majike mwezi wa Novemba hata wakasahau kula. Baridi kali ikija, wao ndio hufa kwa wingi zaidi. Pembe haziwaokoi!

Huko Ram Mountain, nchini Kanada, kuna kondoo wengine wa mwitu wenye pembe kubwa. Kundi lao lilipoongezeka na malisho yakapungua, majike walipunguza malezi ya wana wao ili kulinda miili yao wenyewe. Mtu atauliza, kwani huyo ni mama gani? Si kuku havunji yai lake? Tusihukumu haraka. Kondoo huyo kwa kawaida huzaa mwana mmoja tu kwa mwaka. Akijimaliza kwa huyo mmoja, huenda wakafa wote wawili. Akiishi, atazaa tena.

Sasa turudi nyumbani, kwa maana kondoo wetu ni jamaa ya hao. Kiangazi kikizidi, jike akikosa maziwa au akimkataa mwanawe, tunasema ana laana. Kesho yake yuko sokoni! Je, alipokuwa na mimba alilishwa nini? Jike aliyeshinda njaa wakati huo hutoa maziwa machache, na hata mapenzi kwa mwanawe hupungua. Basi kosa ni la nani, la kondoo au la mwenye zizi?

Kondoo wa Hirta hana wa kumkatia majani. Wetu anaye. Kwa maoni yangu, tumlishe mama kabla hajazaa, wala tusingoje kumlaumu baadaye. Gogo haliendi ila kwa nyenzo.

Mwanachama, Kidato cha Tatu