Safari ya kwanza ya baiskeli: tafuta mahali pa kuiachia

Baiskeli imerudi mijini, na mara hii haikurudi kubeba magunia. Mawakili, walimu, makarani wa benki na wauguzi huonekana Jumapili asubuhi wakiwa na helmeti kichwani, wakitokwa na jasho kandokando ya barabara. Kama daktari sina budi kufurahi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na asubuhi mbili za baiskeli hutosha kuzifikisha. Shinikizo la damu hushuka, sukari hutulia, na usingizi huja bila kubembelezwa.

Tatizo huanza pale mtu aliyezoea saa mbili za Jumapili anapoamua kufunga mizigo kwenye keria na kwenda safari ya siku tatu au nne. Swali la kwanza huwa ni njia ipi ifuatwe, na wengi hulijibu kwa macho ya mtalii: wapi pana mandhari, wapi pana lami, wapi patapatikana hadithi ya kuwasimulia wenzao kazini. Maoni yangu ni tofauti. Njia ya kwanza ichaguliwe kwa kuangalia mahali pa kuiachia. Mtu asiyejua mwili wake utafanya nini siku ya pili anahitaji barabara ambayo, akishindwa, ataweza kusimamisha matatu, akapandisha baiskeli juu, na kuwa kitandani au mbele ya muuguzi kabla saa nzima haijapita.

Nichukue mfano wa kaunti mbili ninazozijua, Migori na Homa Bay, kwa sababu waendeshaji kutoka Nairobi na Kisumu wameanza kuzipenda, na sababu wanazo. Kuna Ziwa Victoria lenyewe. Kuna kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya baada ya kuuawa mwaka 1969. Kuna Mbuga ya Ruma, penye swala wakubwa waitwao korongo ambao kwingineko nchini hawapatikani. Na kuna Thimlich Ohinga, ngome ya mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018.

Njia ambayo wageni hupenda kuianza ni barabara kuu: Kisumu, Ahero, Sondu, Oyugis, Kisii, Rongo, Awendo, Migori. Ni lami mwanzo hadi mwisho, na kwenye ramani inapendeza kuitazama. Lakini ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kisii uko karibu mita 1,700. Tofauti hiyo yote italipwa kwa magoti na moyo, tena na mtu aliyebeba mizigo kwa mara ya kwanza. Juu ya hayo, hiyo ndiyo barabara ya malori yaendayo Isebania na kuvuka hadi Tanzania, na ukikaribia Awendo huongezeka matrekta ya miwa ya kiwanda cha sukari. Mwendeshaji aliyechoka huyumba anapopanda mlima. Hakusudii, ni misuli tu imekwisha nguvu. Dereva wa trela naye humwachia nafasi ya mtu asiyeyumba.

Miaka michache iliyopita niliitwa kumwona mhasibu wa miaka 47 aliyekuwa akisafiri na wenzake watatu kwa njia hiyo. Alikuwa akitumia tembe za shinikizo la damu, zile zinazomfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara. Siku ya kwanza alifika salama na kujisifu. Siku ya pili, yapata saa saba mchana, mapaja yalikakamaa, akatapika, kisha akaanza kuuliza maswali yasiyo na kichwa wala miguu. Wenzake walidhani ni njaa, wakampa soda na kumhimiza. Nilipowauliza kwa nini hawakusimama saa tano alipoanza kulalamika, jibu lilikuwa kwamba walikuwa wamekwisha kulipia vyumba Migori. Maji ya mshipani na usiku mmoja wa kulazwa vilimrudisha katika hali yake. Lakini, mpenzi msomaji, nusura chumba kilichokwisha kulipiwa kimgharimu mtu uhai wake. Tangu siku hiyo namwambia kila anayeniuliza: usilipie kitanda cha mbali mapema.

Mimi ningemwanzisha mgeni wa safari hizi Rongo. Afike hapo kwa matatu, baiskeli ikiwa juu ya paa, alale, na kesho yake aiache barabara kuu nyuma yake. Kutoka Rongo hadi mji wa Homa Bay kupitia Rodi Kopany ni kilomita thelathini na kitu za lami, na kwa jumla unateremka kuelekea ziwani ingawa vilima vya kukukumbusha kazi vipo. Rodi Kopany ni njia panda ya kwenda Ndhiwa. Pana soko, pana chai, pana matatu. Aliyeondoka kukipambazuka, saa kumi na mbili na nusu, hana sababu ya kukutwa barabarani saa tano. Homa Bay pana hospitali ya rufaa ya kaunti, nyumba za kulala wageni za kila bei, na samaki.

Hapo ndipo ushauri wangu huwaudhi vijana: siku ya pili usihame. Lala Homa Bay usiku wa pili, acha mizigo chumbani, na uendeshe baiskeli tupu kuelekea Kendu Bay, Mlima Homa ukiwa upande wako wa kushoto. Kendu Bay ni kama kilomita thelathini hivi, lakini si lazima ufike. Geuka wakati wowote mwili unapokuambia. Ukifika, umepata zawadi ya Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la mviringo ambalo wenyeji husimulia kwamba palikuwa kijiji, kikazama kwa sababu kilimnyima ajuza mgeni chakula na mahali pa kulala. (Siku hizi mgeni hapati tabu hiyo, ataombwa tu anunue kitu.) Umuhimu wa siku hii ni wa kitabibu. Siku ya pili ndiyo huonyesha goti lipi ni bovu, kiti kipi kinachubua, na moyo upi bado unapiga mbio saa moja baada ya kushuka. Ni afadhali mambo hayo yajulikane ukiwa huna mzigo na kitanda chako unakijua kilipo.

Siku ya tatu, kwa aliyesalimika, ni Homa Bay hadi Mbita, kilomita arobaini na kitu. Lami ipo, malori si mengi, na bonde la Lambwe liko kushoto kwako. Matatu zipo pia, ingawa huenda ukaingoja kidogo. Ndiyo maana sehemu hii huja baada ya mtihani wa jana, wala si kabla. Siku ya nne ni ya kuvuka daraja kuingia Rusinga bila mizigo. Kutoka Mbita unaweza kurudi kwa matatu, au kwa feri ya kwenda Luanda Kotieno upande wa Siaya. Uliza saa zake jioni iliyotangulia.

Wako watakaosema nimewanyima vilivyo vitamu: Ndhiwa na Sori, milima ya Gwassi, Thimlich Ohinga. Sijawanyima, nimeviahirisha. Sehemu kubwa ya nchi ya Ndhiwa, Lambwe na Nyatike ina udongo mweusi unaonata. Ikinyesha nusu saa tu, tope hujaza nafasi kati ya tairi na breki na baiskeli hubebwa begani badala ya kukubeba. Zahanati ziko mbalimbali. Thimlich Ohinga iko kilomita zipatazo 46 kutoka mji wa Migori, na atakaye kuiona mwaka huu aende kwa gari. Ruma nayo ina nyati.

Kuhusu majira, epuka mvua za masika, Machi hadi Mei. Mimi napenda Julai na Agosti kuliko Januari na Februari, maana jua la mwanzo wa mwaka kando ya ziwa halina huruma kwa mtu aliyetoka Nairobi. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea joto jipya, na safari yenyewe ni siku nne, kwa hiyo usitegemee kuzoea. Tegemea saa. Hata upepo una ratiba yake: asubuhi na mapema hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na jua likishapanda hugeuka ukavuma kutoka ziwani. Anayechelewa kuondoka Rongo atakutana nao usoni.

Kabla ya kukata shauri, jipime nyumbani. Funga mizigo ile ile utakayobeba, uendeshe kilomita 30 Jumamosi na 30 tena Jumapili. Jumapili ndiyo yenye jibu. Aliyepita miaka 40 na ana shinikizo la damu, kisukari, au anayebanwa na kifua akipanda ngazi, amwone daktari wake kwanza. Usiache tembe za presha kwa sababu umesoma habari ya yule mhasibu. Mweleze daktari kwamba utakuwa juani kwa saa nyingi, yeye ndiye atakayeamua. Anayetumia insulini ajue kwamba sukari inaweza kushuka usiku, saa nyingi baada ya kushuka kwenye baiskeli, na mwenzake wa chumbani ajue hivyo pia.

Maji yanywewe kiu inapodai. Kujilazimisha kunywa lita baada ya lita kuna hatari yake, kwani chumvi ya damu huyeyuka kupita kiasi na mtu huchanganyikiwa sawasawa na aliyekosa maji. Kwa aliyetapika au kuharisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, hufaa kuliko chupa za rangi zinazotangazwa. Mtu akiacha kutoa maana katika maneno yake, hilo si jambo la soda. Mweke kivulini, mwagie maji, mpepee, na gari litafutwe papo hapo.

Kiti cha baiskeli kisikushinde. Kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Kiti kikiwa chini zaidi ya hapo, magoti yatalia kabla ya Rodi Kopany. Fundi wa mtaani ataurekebisha urefu huo kwa dakika tano, na ununue pia mpira wa ndani wa akiba na pampu ukiwa kwake.

Yamebaki mawili, na hayo huonekana baada ya kurudi. Homa Bay na Migori ni eneo la malaria mwaka mzima. Ndhiwa ndiko Kenya ilikozindulia chanjo ya watoto ya ugonjwa huo Septemba 2019, nanyi mnaoishi Nairobi, hata mliozaliwa ziwani, kinga yenu imepungua. Muulize daktari kuhusu tembe za kujikinga kabla ya kuondoka, na ulale ndani ya chandarua kila usiku. La pili ni kichocho. Baada ya kilomita arobaini za jua, maji ya ziwa huita, na vijana wa ufuoni watakuwa wanaogelea. Dakika chache ndani ya maji yenye konokono hutosha kwa vijidudu hivyo kupenya kwenye ngozi. Oga kwa ndoo chumbani. Aliyekwisha ingia majini apimwe majuma sita hadi manane baadaye, kwa kuwa dawa ipo na ni rahisi.

Malaria haingojei majuma hayo. Homa ikikupata siku ya kumi, au hata mwezi wa pili, ukiwa umekwisha rudi kazini na baiskeli imening'inizwa ukutani, usimeze dawa ya mafua ukalala. Nenda upimwe damu siku hiyo hiyo, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe kwamba ulikuwa ziwani.