Daftari la wiki: Vumbi la Joska

Jumapili

Saa kumi na moja u nusu alfajiri tulikutana wanne chini ya mlingoti wa taa pale Umoja, Nairobi, kila mtu na chupa mbili za maji na ndizi mfukoni. Saa hiyo mtaa una watu wa aina mbili: wanaorudi kutoka zamu ya usiku Eneo la Viwanda, na akina mama wanaokwenda ibada ya kwanza. Tunaamka mapema hivyo kwa sababu moja tu. Kangundo Road ina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na jua likishapanda malori ya mawe kutoka Njiru na ya mchanga kutoka Machakos huijaza yote. Mwenye baiskeli husukumwa ukingoni, na ukingo wenyewe umeliwa na mvua. Ukiipita Ruai na Kamulu kabla ya saa moja, umesalimika.

Joska tukakata kushoto, tukaingia vumbini.

Hapo ndipo mtu wa Eastlands hugundua kwamba masikio yake yalikuwa yamechoka. Hakuna honi wala makanga anayepiga bodi ya matatu. Husikia changarawe ikisagika chini ya tairi, kengele za mbuzi, na pumzi za mwenzako aliye nyuma. Mbele yetu, ukungu ukifunguka, Kilimambogo. Mlima huo una urefu wa mita 2,145 juu ya usawa wa bahari, na jina lake halihitaji mkalimani. Chini yake Mto Athi huanguka kwenye maporomoko ya Fourteen Falls, karibu na Thika. Hatukufika huko safari hii. Ni safari ya siku nzima na tulikuwa na mgeni kati yetu.

Mgeni huyo aliuliza kwa nini kwenda kulikuwa kugumu ilhali tunashuka. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624, na kutoka Embakasi ardhi huinama polepole kuelekea Athi. Lakini upepo wa Nairobi siku nyingi hutoka mashariki. Ndiyo maana ndege nyingi hupaa zikiwa zimeuelekezea pua. Asubuhi mteremko hukusaidia na upepo hukupinga usoni. Ukirudi, mwinuko hukupinga na upepo hukusukuma mgongoni.

Tulipumzika penye mgunga mmoja. Mzee mwenye ng'ombe wanne alisimama kututazama.

"Mnakimbizwa na nani, vijana?"

"Hatukimbizwi, mzee. Tunatafuta barabara isiyo na magari."

"Basi fanyeni haraka. Wapimaji walikuwa hapa juzi."

Alitunyooshea fimbo yake. Vigingi vya ploti vilikuwa vimepigwa kwenye nyasi kwa mstari ulionyooka, hadi macho yanapokoma. Mwaka jana tulipita hapo bila kuona hata kimoja.

Jumatatu

Nilimpelekea fundi gurudumu la nyuma. Mwiba wa mgunga una tabia ya kuvunjikia ndani ya tairi, na ukiweka tyubu mpya bila kuutafuta utasukuma baiskeli mara ya pili. Fundi wangu hukaa kando ya steji na beseni la maji, kipande cha msasa na mkasi. Alipitisha kidole ndani ya tairi polepole mpaka akaupata, akauchomoa kwa koleo, akaniwekea kiganjani. Kisha akazamisha tyubu majini, akafuata mapovu, akasugua, akapaka gundi, akasubiri ikauke kabla ya kubandika kiraka. Hapo kwenye kusubiri ndipo mafundi wasio na subira huharibu kazi.

Wasomaji huniuliza lazima wawe na baiskeli gani. Zile zilizotengenezwa maalumu kwa changarawe zina usukani uliopinda kama pembe za kondoo na tairi za kadiri, nene kuliko za mbio za lami na nyembamba kuliko za mlimani, na bei yake ni mlima mwingine. Msinunue. Tafuteni baiskeli ya mtumba yenye fremu ya chuma na uma wa mbele usio na springi, muweke tairi za milimita 40 hivi, na msizijaze upepo mpaka ziwe ngumu kama jiwe. Tairi laini kidogo huimeza changarawe, na mikono haifi ganzi. Kama mvua imenyesha, kaeni nyumbani siku moja. Udongo mweusi wa upande wetu hunyonya maji, huvimba, hunata kwenye magurudumu mpaka yakatae kuzunguka. Nimeona mwanaume mzima amebeba baiskeli begani kilomita mbili.

Jumatano

Nilikuwa na shughuli Donholm nikaamua kupita Outer Ring kwa baiskeli. Barabara hiyo ya kilomita 13 ilipopanuliwa miaka michache iliyopita ilijengewa njia za watu wa miguu na za baiskeli pande zote mbili. Nilishangilia wakati ule, na bado nasema ni kazi nzuri. Lakini mtu afanye safari ya kutoka ilipokuwa Taj Mall hadi Mutindwa aone. Pikipiki hupita kwenye njia ya baiskeli kwa kasi ya barabara kuu. Gari la kuoshwa limeegeshwa katikati. Vifuniko vya mitaro vimeng'olewa vikauzwa chuma chakavu.

Simlaumu mama wa mboga aliyetandika gunia lake pale. Wateja wake ni watu wa miguu, na hakuna aliyemjengea soko wanapopita. Namlaumu anayejenga njia kisha asirudi kuitunza. Mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, na ndani yake ikaahidi angalau asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa watembeaji na waendesha baiskeli. Ni ahadi iliyoandikwa. Ningependa kila mtu wa Eastlands aijue kwa moyo, kwa sababu huku kwetu ndiko wanakotoka wale wanaotembea Jogoo Road kila alfajiri kwenda vibaruani kwa kukosa nauli.

Alhamisi

Jirani yangu amerudi kutoka Rwanda. Yeye na mkewe waliendesha baiskeli kando ya Ziwa Kivu kwenye njia iitwayo Congo Nile Trail, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi. Ziwa lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na milima imeinama juu yake. Anasema hakuna tambarare: unapanda shamba la kahawa, unashuka hadi majini penye mitumbwi, unapanda tena, kutwa. Mkewe alishuka na kusukuma mara nyingi na haoni aibu kusema.

Kilichonigusa si milima. Serikali ya huko ilijenga lami nzuri kutoka kaskazini hadi kusini mwa ziwa, na magari yakahamia kwenye lami. Sehemu kubwa ya njia ya vumbi ikabaki, ikawekewa vibao, na leo watu husafiri kutoka mbali kuja kuiendesha na kulala kwenye nyumba za wageni za vijijini. Huku kwetu lami ikifika, ile njia ya zamani huuzwa vipande vipande.

Sisi pia tuna jina katika mchezo huu. Migration Gravel Race, mbio za changarawe za hatua nne katika nchi ya Wamaasai, zilianza mwaka 2021. Aliyekuwa nahodha wa timu ya baiskeli ya Team Amani, Suleiman Kangangi, alifariki tarehe 27 Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mbio za Vermont Overland, Marekani. Alikuwa na miaka 33. Alitaka Mwafrika Mashariki ashindane na Mzungu kwenye barabara za vumbi tulizozaliwa nazo. Kila tunapofika Joska kuna mwenzetu mmoja ambaye humtaja Kangangi, ingawa hakuwahi kukutana naye.

Jumamosi

Msichana wa miaka tisa hivi alikuwa akijifunza baiskeli kwenye uwanja mdogo ulio nyuma ya nyumba zetu. Kaka yake alikuwa ameshika kiti. Alipokiachilia, mtoto akaenda mita ishirini bila kujua kwamba yuko peke yake. Kisha uwanja ukaisha. Mbele kulikuwa na barabara, na mama yake akapiga ukelele kutoka ghorofani: "Usitoke hapo!" Alikuwa na haki. Ningepiga ukelele huohuo.

Upande wa pili wa jiji kuna Karura, zaidi ya hekta 1,000 za msitu ambao Wangari Maathai na wenzake waliukinga kwa miili yao mwaka 1999. Ndani yake mtoto anaweza kuendesha baiskeli kutwa bila gari kumsogelea. Ila kutoka Kayole ni matatu mbili, halafu kiingilio, halafu kodi ya baiskeli. Familia ya watoto watatu huhesabu na kubaki nyumbani. Joska ni mbali kwa miguu ya mtoto, na vigingi navyo vinazidi.

Kule Rwanda, Kigali ilianza siku yake isiyo na magari mwaka 2016, na hadi leo mara mbili kwa mwezi, Jumapili asubuhi, barabara kubwa hufungiwa magari na watu hukimbia na kuendesha baiskeli humo. Mji huo una vilima vingi kuliko Nairobi na fedha chache kuliko Nairobi. Naiomba kaunti itufungie Mumias South Road Jumapili moja kila mwezi, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi. Nawe msomaji, kama unaishi Buruburu, Umoja au Jericho, mwendee mwakilishi wako wa wadi wiki hii, umpelekee ombi hili kwa maandishi, na uende na mtoto wako.