Apandaye na Ashukaye

Katika Kiebrania, mtu aondokaye nchi nyingine akaenda kukaa Israeli haambiwi kwamba amehama, wala kwamba amesafiri. Huambiwa kwamba amepanda, na kitendo chake huitwa aliya, neno lile lile litumikalo katika sinagogi mtu aitwapo kupanda penye jukwaa isomwapo Torati. Naye aondokaye Israeli kwenda kuishi kwingineko husemwa kwamba ameshuka. Lugha, basi, imekwisha kutoa hukumu kabla mtu mwenyewe hajafunga sanduku lake, na kijana wa Kiyahudi aliyezaliwa ughaibuni, aulizwapo kama atakwenda kukaa huko au la, haulizwi habari ya makazi tu, bali huulizwa yuko upande gani wa ngazi. Nimeishi na swali hilo tangu utotoni, nikaishi nalo miezi kumi na minne katika mji wa Haifa, na leo naandika juu yake kwa sababu nimefikia rai ambayo najua haitawaridhisha wote niliokula nao meza moja.

Nilizaliwa Nairobi, katika jamaa ndogo ya Kiyahudi ambayo sinagogi lake li karibu na Chuo Kikuu, na Kiswahili changu nilikisoma kwa mwalimu wa Mombasa ambaye namshukuru hata leo. Usiku wa Pasaka wazee wetu walikuwa wakihitimisha karamu kwa kuomba kwamba mwaka ujao tuwe Yerusalemi. Na mwaka uliofuata, tulipokutana kwenye meza ile ile na chini ya taa ile ile, hapana aliyeona kwamba dua imerudi bila ya jibu, maana kwa Myahudi wa ughaibuni dua hiyo ilikuwa imekwisha kuwa namna ya kukaa mahali alipo. Wachache mno waliichukua kwa dhahiri yake. Mmoja wao alikuwa Yehuda Halevi, mshairi wa Andalusi aliyekiandika kwa Kiarabu kitabu chake cha hoja za dini, Kuzari: katika uzee wake aliiacha nchi yake na jamaa zake, akafika Iskandaria mwaka 1140, akapanda chombo kuelekea nchi takatifu mwaka uliofuata, na mwaka huo huo akafariki.

Sisi wa Kenya tuna sababu yetu wenyewe ya kulitazama jambo hili kwa makini. Mwaka 1903, baada ya Wayahudi wa Kishinev kuuawa katika ghasia za mwezi wa Aprili, Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alimtolea Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, ardhi katika uwanda wa Uasin Gishu, na mpango ule huitwa mpango wa Uganda hata leo, ijapokuwa nchi yenyewe i katika Kenya. Mkutano wa Wazayuni uliofanyika Basel mwezi wa Agosti ulipiga kura 295 dhidi ya 178 kwamba watumwe watu wakaitazame ardhi hiyo, na wajumbe wa Urusi, ambao ndio hasa waliokuwa wakiuliwa ndugu zao, wakatoka ukumbini kwa majonzi. Hata mwaka 1905 mpango ukakataliwa kabisa. Katika mjadala ule wote Wanandi na Wamasai, waliokuwa wakilisha ng'ombe wao katika pande zile, hawakuulizwa neno. Huikumbuka habari hiyo kila nipitapo Eldoret, kwa sababu hunionyesha kwamba mtu aweza kuwa na shida ya kweli, shida ya kufa na kupona, na bado akaletewa suluhu iliyo mali ya mtu mwingine.

Sheria ya Kurejea, iliyopitishwa na bunge la Israeli tarehe 5 Julai 1950, humpa kila Myahudi haki ya kuja kukaa katika nchi, na marekebisho ya mwaka 1970 yakawafikishia haki hiyo watoto na wajukuu wa Myahudi na wenzi wao wa ndoa. Kwa asili yake siwezi kuisema vibaya sheria hii. Iliandikwa miaka mitano tu baada ya vita ambamo Wayahudi milioni sita waliangamizwa, na waliokuwa hai wote waliijua habari ya meli St. Louis, iliyovuka Atlantiki mwaka 1939 ikiwa na wakimbizi zaidi ya 900 kutoka Ujerumani, ikakataliwa Havana, ikakataliwa Marekani, ikarudi Ulaya, ambako zaidi ya 200 kati ya abiria wake waliuawa. Watu waliofungiwa bandari zote wana haki ya kutaka bandari moja isiyofungwa. Walakini mimi sikuwa abiria wa St. Louis. Nilikuwa na pasipoti ya Kenya na kitanda changu Nairobi, hapana aliyekuwa akinifukuza, na bado, kwa nasaba ya mama yangu, ningeweza kupata uraia pasina kungoja miaka. Hapo ndipo lilipo swali: haki iliyowekwa kwa ajili ya mtu akimbiaye mauti, itumiwapo na mtu asiyekimbia kitu, je, uzito wake ni ule ule?

Ipo ziara ya siku kumi, iitwayo Taglit, ambayo tangu mwaka 1999 imewachukua bila ya malipo mamia ya maelfu ya vijana wa Kiyahudi, wengi wao wa Marekani. Hupanda Masada alfajiri, huelea katika Bahari ya Chumvi, husimama penye Ukuta wa Magharibi, na wengi hulia, na machozi yao ni ya kweli. Lakini siku kumi ndani ya basi humwonyesha mtu nchi kama bibi harusi aonekanavyo siku ya kupambwa.

Mimi nilikaa Haifa, nikasoma Kiebrania katika ulpani, yaani skuli ya lugha kwa wahamiaji, ya namna iliyoanzishwa Yerusalemi mwaka 1949. Darasani tulikuwa Warusi, Wafaransa, Wahabeshi na mama mmoja wa Argentina, na lililonishangaza ni kwamba mimi, mtoto wa Nairobi, nilikuwa na akiba wasiyokuwa nayo wengi wao. Mwalimu alipoandika ubaoni dam, ruakh, nefesh na kever, niliyatambua maneno yale kama mtu atambuavyo sura za binamu zake, kwa kuwa kwetu ni damu, roho, nafsi na kaburi. Na alipofika kwenye hesabu, nikaziona shesh, sheva na tesha, mea na elef, zikiniitikia kwa sita, saba na tisa, kwa mia na elfu. Udugu ule, hata hivyo, sikuurithi kwa babu zangu Wayahudi. Ulinifikia kwa njia ya Kiarabu, kwa majahazi ya Shihiri na Maskati, na kwa mdomo wa mwalimu wangu Mwislamu wa Mombasa. Ndiyo maana nilipokwenda sokoni Wadi Nisnas, mtaa wa Waarabu ulio chini ya mlima wa Karmeli, muuza kahawa alipotaja bei nilimfahamu kabla hajamaliza. Nilizikuta lugha mbili za nyumba moja, ilhali wenye lugha hizo, baina yao ngazi moja tu ya mawe, wakiishi kama wasiojuana. Tena nikajifunza kwamba kwa sheria ya mwaka 2018 bunge lilikwisha kukivua Kiarabu cheo cha lugha rasmi.

Haifa yenyewe ni mji wa kupanda na kushuka: bandari chini, Hadar katikati, Karmeli juu, na vidaraja vya mawe visivyo na hesabu. Huko chini upo mtaa wa Wadi Salib, na kama ningeulizwa ni mahali gani palinifundisha zaidi katika nchi ile, ningepataja hapo kabla ya Yerusalemi. Ni nyumba za mawe zenye madirisha ya matao, mengi yamezibwa kwa matofali. Hata mwezi wa Aprili 1948 waliishi humo Waarabu; mji ulipotekwa mwezi ule, Waarabu wa Haifa, waliokuwa makumi ya maelfu, walikimbia, wengi wao kwa vyombo vya bahari, wakabaki elfu chache tu. Katika nyumba zao wakawekwa Wayahudi waliotoka Moroko na sehemu nyingine za Afrika ya Kaskazini, wamebanana katika vyumba, na mwezi wa Julai 1959 watu hao nao waliinuka kwa ghasia, wakidai kwamba wenzao wenye asili ya Ulaya walikuwa wakipewa kazi na nyumba bora ilhali wao wameachwa. Kisha wengi wakahamishiwa kwingine, na mtaa ukawa mahame. Nilisimama mara nyingi katika mahame yale. Mwenye nyumba wa kwanza, kama yu hai, huenda akawa mzee katika kambi ya Lebanon, asiye na ruhusa ya kuja hata kuutazama mlango wake, na Azimio namba 194 la Umoja wa Mataifa, la tarehe 11 Desemba 1948, lililosema kwamba wakimbizi watakao kurudi na kuishi kwa amani na jirani zao waruhusiwe, halikutekelezwa. Mimi, ambaye hapana babu yangu aliyepata kuuona mji ule, ningeweza kwenda kukaa hapo.

Majibu nayajua, maana rafiki zangu walinipa yote. Waliniambia kwamba majeshi ya nchi za Kiarabu ndiyo yaliyoishambulia dola changa. Kwamba mamia ya maelfu ya Wayahudi nao walitoka Baghdad, Sanaa, Kairo na Fez, wakaacha nyumba na maduka, na hapana aliyewarudishia. Kwamba mamilioni wakirejea dola haitabaki. Hoja hizi si za kupuuzwa, na ile ya pili ni kweli tupu, nami nimeisikia kwa vinywa vya wazee walioyaona wenyewe. Lakini mtu wa Haifa hakuwa mdaiwa wa deni la Baghdad.

Wala si mimi wa kwanza kwenda nikaona hivyo. Mwaka 1891 alikwenda Palestina msafiri mmoja kutoka Odessa, Asher Ginsberg, umri wake miaka 34, ajulikanaye zaidi kwa jina lake la uandishi, Ahad Ha'am, yaani mmoja katika watu. Aliipenda Sayuni kama mtu mwingine yeyote katika zama zake; na baada ya safari ile aliandika makala aliyoyaita Ukweli kutoka Nchi ya Israeli, akawaarifu wenzake kwamba nchi ile si tupu kama walivyodhani, kwamba ni vigumu kupata shamba zuri lisilolimwa, na kwamba baadhi ya walowezi walikuwa wakiwatendea Waarabu kwa ukali usio na haki. Makala yale yalizua ubishi mkubwa. Linalonigusa mimi ni kwamba hakuikatia tamaa nchi ile: mwaka 1922 alihamia Tel Aviv, akafia huko mwaka 1927. Yeye alipanda miaka 31 baada ya kuusema ukweli, akijua anakopanda.

Uko na mlango mwingine uliofungwa, nao u karibu nasi zaidi. Mwaka 1919, karibu na Mbale, Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, aliishika Torati yeye na wafuasi wake, nao ndio waitwao Abayudaya. Idi Amin aliwapiga marufuku, wakasali kwa siri; mwaka 2002 mamia yao waliingizwa rasmi katika Uyahudi na marabi wa madhehebu ya Conservative. Nimesali nao Sabato huko Nabugoye, zaburi zikiimbwa kwa Kiganda, na nilitoka nimeona haya kwa uvivu wangu katika ibada. Lakini Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli imeyakataa maombi ya baadhi yao waliotaka kupanda. Mtu asiniambie kwamba ni rangi peke yake, kwani mwezi wa Mei 1991 ndege za Israeli ziliwachukua Wahabeshi zaidi ya 14,000 kutoka Addis Ababa kwa muda wa saa 36. Ni jambo jingine. Sheria ya Kurejea haiwi ya dini, maana wachamungu wa Mbale wamekataliwa. Haiwi ya wazalia, maana mzalia wa Haifa amekataliwa. Wala si ya wakimbizi tu, maana mimi nisiyekimbia ningekubaliwa. Imebaki kuwa sheria ya nasaba.

Niliondoka Haifa katikati ya mwaka 2023, wakati ambapo kila Jumamosi usiku, tangu Januari, watu walikuwa wakijaa njiani kupinga mpango wa serikali wa kupunguza mamlaka ya mahakama, na sijapata kuona raia wanaoipenda nchi yao kwa ghadhabu kama ile. Tarehe 7 Oktoba wapiganaji wa Hamas waliua watu wapatao 1,200 na kuchukua mateka 250 hivi, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kusoma kilimo katika vijiji vya ushirika vilivyo karibu na Gaza. Vita vilivyofuata vimewaua Wapalestina makumi ya maelfu, watoto wengi mno wakiwa miongoni mwao, na miji ya Gaza imekuwa vifusi. Wawili katika darasa letu la lugha waliitwa jeshini. Basi kijana auchukuaye uraia ule katika umri wa kubeba silaha haandikishi jina lake tu. Hujitia katika vita vya nchi ile, na ni haki yake kuambiwa hivyo waziwazi kabla ya kutia saini.

Rai yangu ni kwamba Sheria ya Kurejea isifutwe, kwa kuwa chuki dhidi ya Wayahudi haijakoma duniani, na akimbiaye lazima awe na pa kukimbilia. Lakini asiyekimbia na angoje, kama angojavyo mgeni wa nchi yoyote: akae miaka, asome Kiebrania na Kiarabu pia, ajue ni nani aliyekaa katika nyumba aipangayo kabla yake. Watu wa Mbale na wapokelewe. Na mzalia wa Haifa apewe, kwa mapatano, njia ya kurudi au ya kulipwa haki yake angali hai. Kadhalika na iachwe lugha ya kuwadharau waondokao, ambayo Yitzhak Rabin, alipokuwa waziri mkuu mwaka 1976, aliitumia akiwataja kana kwamba ni wanyonge walioanguka njiani.

Mimi nimerudi Nairobi, na fomu ya kuomba uraia sikuijaza. Kijana wa Kiyahudi aniulizaye kama aende, namwambia aende, akae mwaka mzima, na asitoke Haifa kabla hajashuka mpaka Wadi Salib.