Kusukuma Filamu Hakuongezi ISO, Tuache Kudanganyana

Leo naweka programu kando kidogo. Vijana wengi wamerudia kamera za filamu, jambo zuri kabisa, lakini wamerithi pamoja nazo uongo mmoja ambao umenichosha.

Uongo wenyewe ni huu: eti ukiwa na filamu ya rangi ya ISO 400, ukaiweka kamera kwenye 1600, kisha ukamwambia mwenye studio "aisukume" wakati wa kuisafisha, basi umepata filamu ya ISO 1600. Hujapata! Unayo filamu ileile ya 400, iliyopewa robo ya mwanga iliyouhitaji. Na kwa kawaida umelipia zaidi.

Sisi waandishi wa programu tusingefaa kudanganywa hivi. Faili ya maandishi ukiibadilisha jina ikaitwa .jpg haigeuki kuwa picha. Na sifuri, hata uizidishe kwa nne, inabaki sifuri.

Hebu tuangalie kinachotokea ndani ya tangi. Filamu za negativu za rangi husafishwa kwa utaratibu uitwao C-41, ambao Kodak walianzisha mwaka 1972. Dawa ya kwanza hufanya kazi kwa dakika 3 na sekunde 15, kwenye nyuzi 37.8. Kusukuma ni kuirefusha hatua hiyo tu: kwa stopu moja, yaani filamu iliyopata nusu ya mwanga, muda unaotajwa sana ni dakika 3 na sekunde 45. Hakuna muujiza mwingine.

Sasa, dawa hushughulikia punje za fedha zilizoguswa na mwanga wa kutosha. Punje ambayo haikuguswa haina habari yoyote. Ukiikalisha kwenye dawa muda mrefu, utapata ukungu, hutapata picha. Kwa hiyo sehemu zenye mwanga zinazidi kukolea, zile za katikati nazo zinapanda, lakini vivuli vinabaki karibu palepale. Hiyo ni kuongeza kontrasti. ISO ya negativu hupimwa kule chini kwenye vivuli, mahali filamu inapoanza kuonyesha kitu, na huko ndiko kusukuma kunakosaidia kidogo mno.

Halafu kuna rangi. Filamu hii ina tabaka tatu, moja kwa bluu, moja kwa kijani na moja kwa nyekundu. Zimetengenezwa zilingane kwenye muda ule wa 3:15. Ukiongeza muda, hazikui kwa kasi moja. Matokeo yake vivuli vinaegemea rangi moja na sehemu za mwanga zinaegemea nyingine. Ukirekebisha kwenye kompyuta, upande huu ukipona, ule unaharibika.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Ni nani anayeumia zaidi? Ni sisi wenye ngozi nyeusi. Uso mweusi unarudisha mwanga mchache, kwa hiyo kwenye negativu unakaa karibu na vivuli tangu mwanzo. Ukiunyima stopu mbili, umeusukumia shimoni. Kwa miongo mingi maabara zilipima rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zile zilizoitwa kadi za Shirley. Ushauri unaofaa uso ule usiumeze mzimamzima halafu ukaupeleka kwenye harusi ya dada yako jioni. Gauni jeupe litatoka. Nyuso za wazee hazitatoka, na harusi hairudiwi.

Najua kuna watakaobisha. Watasema filamu nyeusi na nyeupe husukumwa tangu zamani. Sawa, ile ina tabaka za rangi za kugombana? Watasema Kodak wenyewe wametoa muda wa kusukuma Portra 800. Ni kweli. Ukiwa gizani, huna flashi, na tukio halitarudi, sukuma, kwa maana picha mbovu ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Lakini hiyo ni huduma ya kwanza. Nani hupanga safari kwa kutegemea ambulensi?

Ufanyeje basi? Ipe filamu mwanga! Negativu ya rangi huvumilia mwanga mwingi kuliko mwanga haba. Ile ya 400 ipige kama ni 200, kisha isafishwe kwa muda wa kawaida, bila kusukuma wala kupunguza muda. Pakiwa na giza, nunua filamu ya 800, tumia lenzi inayofunguka zaidi, flashi, au stendi ya miguu mitatu.

Na wewe mwenye studio unayetoza pesa za "kupandisha ISO", mwambie mteja ukweli kabla hajalipa: utamwongezea kontrasti, na vivuli alivyovipoteza hutaweza kumrudishia.

Anayebisha na abishe, lakini aje na negativu mkononi.