Mkimnyonga, jina anaondoka nalo

Kila nikisema sitaki mtu anyongwe, wadau mnaniuliza: hata wauaji wa albino? Ndiyo, hata hao.

Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino wa miaka 14 kule Bukombe (enzi hizo Shinyanga, leo Geita). Mkaridhika. Lakini nchi hii haijanyonga mtu tangu 1994, na mwaka 2017 Rais Magufuli aliwaambia majaji wasimpelekee orodha ya watu wa kunyongwa. Kitanzi chenyewe basi ni cha kwenye makaratasi.

Na hata kingekuwa cha kweli, jamani, kingemfikia nani? Mshika panga ametumwa. Nyuma yake yuko mganga, na nyuma ya mganga yuko mwenye duara anayetaka dhahabu ikubali, au mvuvi anayetaka nyavu zijae. Huyo mwenye hela mmemwona kizimbani mara ngapi? Anayemjua kwa jina ni yule yule mnayetaka kumnyonga kesho asubuhi! Mimi namtaka hai, afungwe maisha, na kila mwaka aulizwe upya: nani alikuahidi zile pesa?