Kocha wa miaka 22: kazi ilisema kabla ya umri

Mwezi wa kwanza mwaka wa 2023, Chuo Kikuu cha North Carolina, huko Marekani, kilimkabidhi Erin Matson timu yake ya wanawake ya hoki, mchezo wa fimbo na mpira mdogo, wachezaji 11 kila upande. Alikuwa na miaka 22. Miezi michache nyuma alikuwa mchezaji wa timu hiyo hiyo.

Swali lilikuwa la haki: atawaamuru vipi wenzake wa jana? Kocha ndiye anayeamua nani aanze na nani akae benchi. Urafiki unaweza kuharibu kazi hiyo.

Jibu lilitoka uwanjani. Mwaka huo huo timu ilitwaa ubingwa wa vyuo vikuu. Mwaka wa 2024 ikautwaa tena, ikiipiga Saint Joseph's 5-0 katika fainali.

Lakini sifa zisiende kwa kijana peke yake. Karen Shelton aliifundisha timu hiyo tangu 1981, akaipa ubingwa mara 10. Aliondoka mwisho wa 2022, akiwa ametoka tu kushinda. Na Matson mwenyewe alikuwa bingwa mara 4 akiwa mchezaji.

Somo liko hapo. Mzee anayeng'ang'ania kiti huzeesha timu yake. Kijana anayepewa kiti bila kazi ya kuonyesha huanguka nacho. Timu husonga mbele pale mmoja anapojua saa ya kutoka, na anayeingia ameshajulikana kwa matendo yake.